Mpishi Aliyetupa Mabibi Wawili

Kwa miaka sita nilikaa Kibiti ukuta mmoja na mpishi wa meli aliyestaafu, na katika miaka yote hiyo sikumwona akiwasha jiko. Mkewe, Bi Asha, ndiye aliyepika. Mumewe alikaa barazani, akala alichowekewa, akasema alhamdulillahi, akanawa. Mara moja Bi Asha alilala na homa siku nne, nami nikawa nawapelekea uji na wali. Siku ya tatu nikamuuliza mumewe kwa utani kama kweli aliwahi kuwa mpishi au alikuwa anatuchezea akili.

"Nimepika miaka ishirini na miwili, Mwalimu," alisema. "Wewe ukistaafu utakwenda kumfundisha nani, mbuzi?"

Nilicheka, lakini jibu halikunitosha. Hakuna jibu lake hata moja lililowahi kunitosha. Watu wengine kadiri unavyokaa nao ndivyo unavyowaelewa. Yeye kila nilipodhani nimemfahamu, alifanya jambo likanirudisha nilikoanzia.

Mtaa mzima ulimwita Mpishi. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda kikaganda hivyo. Alifagia mwenyewe mbele ya nyumba yake, jambo ambalo wanaume wengine waliliona la ajabu, na gazeti alilisoma kuanzia ukurasa wa mwisho. Alipenda kuwa wa mwisho katika kila kitu. Kwa kinyozi aliwapisha watu. Sokoni alikwenda wakati wauza samaki wanakunja majamvi.

"Anayesema kwanza anasema gizani," alikuwa akisema. "Wa mwisho amekwisha kusikia wote."

Kuna kikao cha mtaa kilichokaa kuamua pampu ya maji iwekwe wapi. Watu walibishana tangu asubuhi. Mpishi alinyamaza mpaka mwisho, akasimama, akasema maneno kumi hivi, na kikao kikakubaliana naye pale pale. Nilivutiwa sana. Mwaka uliofuata kikao kingine kikaitwa ili pampu ihamishwe, naye akasubiri vilevile, na kabla hajafungua mdomo mwenyekiti akaomba dua na watu wakatawanyika. Pampu ikahamishiwa mbali, na Bi Asha akabeba ndoo kwa miaka miwili.

"Sasa hiyo faida ya kusema mwisho iko wapi, Mzee?" nilimuuliza.

"Kiti cha mwisho nacho kina hatari yake," alijibu bila kuona haya. "Wanaweza kukunja mkeka."

Maneno hayo ya viti aliyatoa kwenye karata. Melini alijifunza mchezo unaoitwa poka, na alipolizoea baraza lake la Kibiti akaanza kutufundisha. Ulikuwa ule wakati wa ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yalikuwa yamejaa vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivisikia tu, na papo hapo wanaume wengi walikuwa wamepunguzwa kazini, hawana pa kwenda baada ya sala ya alasiri. Makarani wa ushirika, dereva mmoja, fundi wa kivuko cha Rufiji alipokuwa mapumzikoni, wote walikaa kwenye mkeka wa Mpishi. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Bi Asha alikaa mlangoni akichagua mchele ili watu wasipate la kusema, na walisema vilevile.

Hatukucheza kwa fedha. Tulicheza kwa komwe, zile mbegu za kijivu za kuchezea bao, alizozihifadhi katika kopo la maziwa. Siku moja dereva aliweka noti mkekani, kwa mzaha tu. Mpishi akakusanya karata, akaingia ndani, na hakucheza wiki nzima. Alipotoka hakueleza chochote.

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mtu anatoa kodi ya komwe kabla ya kupewa karata. Mgawaji anampa kila mmoja tano, unaziona peke yako. Aliye kando ya mgawaji husema kwanza na mgawaji husema mwisho, na ukifika kwako unachagua: kutupa, kulipa kilichowekwa, au kupandisha. Halafu mnabadilisha karata msizozitaka, mnazunguka tena, na mwenye karata bora kati ya waliobaki anazoa komwe zote za katikati. Aliyeishiwa anatoka. Ugawaji unahama mtu kwa mtu, na kodi hupanda kila birika la chai linapokwisha, ili mchezo usilale.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilidhani nitaushika kwa juma moja.

Nakumbuka jozi ya manane. Mara ya kwanza nilipoipata nilikuwa na komwe za kutosha na zamu yangu ilikuwa ya kwanza. Nikapandisha, Mpishi akanikaripia. "Kuna watu wanne nyuma yako hujawasikia. Tupa." Kesho yake nikapata tena manane mawili, nikiwa mgawaji, nikayatupa kwa utii. Akanikaripia tena. "Wote wametupa, wewe ndiye wa mwisho, una rundo kubwa. Hapo unapandisha hata kwa karata tupu." Siku ya tatu nilikuwa nimebakiwa na komwe tisa na kodi imefika tatu, zamu ya kwanza, manane mawili. Nikamtazama.

"Weka zote," akasema.

"Juzi ulinikataza kwenye kiti hiki hiki."

"Juzi ulikuwa na ishirini na tano. Leo ukisubiri mikono mitatu ya karata utakuwa umekufa hujasema neno. Mwenye chache hana nafasi ya kuchungulia, Mwalimu. Anachagua mahali pamoja, anasimama hapo na kila alichonacho. Mwenye za kati ndiye anayepaswa kuogopa. Mwenye nyingi anawasukuma wa kati, kwa sababu wana cha kupoteza."

"Kwa hiyo karata zenyewe si kitu?"

"Tazama rundo kwanza. Tazama kiti. Karata baadaye."

Niliandika kwenye daftari. Nilichora hata jedwali. Kisha nilimtazama anavyoishi, nikaona hafuati jedwali lake. Mwaka mmoja alikuwa na debe moja tu la mbegu ya mpunga, akalimwaga lote katika shamba moja la bondeni, mafuriko yakaja mapema yakalichukua. Hilo nililielewa: mwenye chache, mahali pamoja. Mwaka uliofuata alipata mbegu tele, nami nikatarajia alime kila kona. Akalima kipande kidogo, mbegu nyingine akawagawia majirani.

"Mwaka wa chache anazitia zote, mwaka wa nyingi anazibana," Bi Asha aliniambia. "Wewe uliyesoma ndiye utuambie."

Nililitazama jedwali langu, nikafunga daftari.

Ilikuwako kanuni moja tu ambayo sikuwahi kumwona akiivunja kwenye mkeka. "Ukishaweka zaidi ya nusu ya rundo lako katikati," alisema, "umekwisha kuoa. Talaka haipo. Ukitakiwa kumalizia, unamalizia." Naiandika hapa kwa sababu yaliyotokea baadaye yanatokana na hiyo.

Mpishi alikuwa na dada yake, Bi Mwanahawa, aliyeolewa Mbwera, kule kwenye visiwa vya delta. Huko hakuna barabara. Mgonjwa alipozidiwa alipelekwa kwa mtumbwi hadi Nyamisati, barabara inakoanzia, na maji yakiwa yamekupwa mtumbwi ulikwama kwenye tope katikati ya mikoko mpaka yajae tena. Binti wa Bi Mwanahawa alishikwa na uchungu wakati maji yanatoka. Walikwama kwa saa tano. Alifia mtumbwini, na mtoto tumboni. Bi Mwanahawa alikuwa amemshika kichwa.

Baada ya arobaini alikuja Kibiti akakaa kwa kaka yake mwezi mzima. Alikuwa akisema jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Wangekuwa na mashine ya boti, wangetoka kabla maji hayajapwa.

Sasa, palikuwa na mnunuzi wa kamba ambaye watu walimwita Tajiri. Alikuwa kijana bado, ametajirika haraka, ananunua kamba delta nzima na kuwapeleka mjini na barafu. Alijifunza poka kwenye baraza lile lile, na alikuwa mwepesi kuliko sisi wote. Alisikia habari ya Bi Mwanahawa. Akaja na gari, akashusha barazani mashine ya boti mpya, ingali na mafuta ya kiwandani, akasema atafanya mashindano Idd Pili katika ghala tupu la ushirika. Hakuna kiingilio. Mshindi anachukua mashine.

"Na wewe unacheza?" Mpishi alimuuliza.

"Nacheza. Nikishinda inarudi nyumbani."

"Si ungewapa tu watu wa Mbwera?"

Tajiri akatabasamu. "Nikiwapa bure, mwezi ujao kila kisiwa kitakuja na msiba wake. Mwenye kuitaka aje aipiganie."

Sheikh wa mtaa aliulizwa. Akasema kama hakuna anayetoa mali yake kuhatarisha basi yeye hana neno la kukataza, ila hapendi, na hatakuja. Mimi na Mpishi tukajiandikisha. Sote wawili tulikwisha kusema: atakayeshinda kati yetu, mashine inakwenda Mbwera. Nikamwambia tukikutana meza moja tusaidiane, mmoja amwachie mwenzake.

Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. "Hatupeani hata komwe moja. Ukinipa, nitaondoka mezani."

"Lakini ni kwa ajili ya dada yako, Mzee."

"Ndiyo maana."

Tulikuwa wachezaji kumi na wawili, meza mbili, komwe ishirini kila mmoja. Tulianza baada ya adhuhuri. Ghala lilikuwa bado linanuka korosho za zamani, na watu wamesimama mpaka mlangoni. Bi Mwanahawa alikaa kwenye gunia, mikono magotini. Jua lilipoanza kuingia kwa dirisha la magharibi tulikuwa tumebaki watatu: Tajiri, Mpishi na mimi. Nilikuwa na komwe kumi na moja na kodi imefika nne. Nikapata jozi ya tisa, nikakumbuka somo, nikaweka zote. Tajiri alikuwa na ghulamu wawili, wanaoila tisa. Nikainuka, nikaenda kusimama nyuma ya Mpishi.

Walicheza wawili kwa birika zima la chai. Mpishi alikuwa na komwe mia hivi, Tajiri mia na arobaini. Kisha ukaja mkono ninaoukumbuka karata kwa karata. Mpishi ndiye aliyegawa, kwa hiyo alisema mwisho. Alishika mabibi wawili, bibi wa kopa na bibi wa pau, na takataka tatu. Tajiri akapandisha, Mpishi akalipa. Wakabadilisha karata. Mpishi hakupata cha kumsaidia. Tajiri akapandisha tena, Mpishi akalipa tena. Zilikuwa zimefika komwe sitini zake katikati, amebakiwa na arobaini. Hapo Tajiri akasukuma rundo lake lote mbele.

Mtu mmoja nyuma ya Tajiri alikuwa anampitishia kikombe cha chai. Tajiri akageuka nusu kukipokea, akanywa, akarudi.

Mimi niliona jambo hilo limekwisha. Sitini katikati, arobaini mkononi, zaidi ya nusu. Amekwisha kuoa. Nilikuwa namsubiri tu azisukume.

Hakuzisukuma. Alikaa muda ambao fundi wa kivuko alikohoa mara mbili. Akazilaza karata zake kifudifudi, akazitelezesha kando.

"Nimetupa," akasema.

Tajiri alicheka kwa mshangao. Akafunua karata zake watu wazione, na zilikuwa tupu. Palikuwa na jozi ya mbili, basi, mbili ya kopa na mbili ya uru. Mabibi wangemla. Watu wakaanza kunong'ona, na mmoja akanyoosha mkono akafunua karata za Mpishi. Walipowaona mabibi wawili, mnong'ono ukakoma.

Baada ya hapo alicheza kama alivyotufundisha watu wenye chache wacheze. Alisubiri mikono miwili, akapata jozi ya kumi, akaweka zote zilizombakia mahali pamoja. Tajiri alikuwa na ree wawili, karata kubwa kuliko zote, na mashine ikarudi kwake.

Bi Mwanahawa aliinuka kwenye gunia. Hakupiga kelele. Alimfikia kaka yake akasema, "Kaka, umetuuza kwa nani?" Mpishi akainua uso, akamtazama, akaanza kukusanya karata. Bi Mwanahawa akajifunika ushungi akatoka, na siku ile ile akapanda gari la Nyamisati.

Kibiti nzima ilikuwa na maelezo. Wengine walisema Tajiri alimwahidi kitu. Wengine wakasema uzee. Makarani wa ushirika waliacha kuja barazani. Mimi nilikwenda asubuhi iliyofuata, nimelala vibaya, nikamuuliza uso kwa uso.

"Ulikuwa na mabibi wawili, Mzee. Nusu na zaidi iko katikati. Umetufundisha nini miaka yote hii?"

"Nimewafundisha vizuri," akasema, na akaendelea kufagia.

"Basi kwa nini?"

"Mwalimu, watoto wako shuleni wanakusubiri."

Nilimkasirikia. Nasema kweli, nilimkasirikia kiasi cha kuanza kupita njia ya nyuma nisimwone. Mwezi haukuisha, nikaona anapakia godoro na sanduku kwenye pikapu. Alikuwa anahamia Mbwera. Bi Asha alibaki kuangalia nyumba. Nilimuuliza mumewe amekwenda kufanya nini huko ambako dada yake hataki kumwona. Akaniambia hajui. Akaongeza kwamba kaondoka na makafi mawili mapya na kopo la komwe kalitupa chooni.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Nyamwage, ng'ambo ya mto, na habari zake zikanifikia vipande vipande kwa wauza samaki. Kwamba anabeba wagonjwa. Kwamba ameweka mitumbwi minne njiani, kila mmoja na wapiga kafi wake wanaolala pale pale, ili mgonjwa asisubiri watu wapumzike. Kwamba ameipanga mitumbwi ile kwa kufuata mahali maji yanapobaki wakati wa kupwa, na kwamba wazee wa Mbwera waliozaliwa humo walimpinga, wakajaribu, wakanyamaza. Nyingine zilisema dada yake bado hasemi naye. Nyingine zilisema humpelekea chakula kwenye kituo cha mitumbwi na kukiacha juu ya kisiki.

Nilikutana naye mara moja tu tangu hapo.

Ilikuwa miaka minne baadaye, nimepelekwa Mbwera kusimamia mtihani wa darasa la saba. Tulikwenda kwa boti la mashine lililokodiwa, mimi, nahodha na askari mmoja wa kulinda karatasi. Amri ilikuwa wazi: boti halibebi mtu mwingine, na mtihani wa mwisho ukishakwisha karatasi zinafungwa, zinapakiwa, zinarudi siku hiyo hiyo.

Nilimwona siku ya kwanza, kwa mbali, akitoa maji mtumbwini kwa kata. Amekonda, amekuwa mweusi kwa jua. Nilimwamkia. Akaitikia, akaniuliza hali ya barabara ya Nyamwage, basi. Nilikuwa na swali langu bado, lakini sikulitoa.

Siku ya pili, mtihani wa mwisho ukiwa katikati, nikasikia watu wanakuja kwa haraka. Walimbeba mwanamke kwenye kitanda cha kamba. Bi Mwanahawa alikuwa kando yake, ameshika mguu wa kitanda. Mgonjwa alikuwa na uchungu tangu usiku, wakasema, na mtoto amekaa vibaya. Nikatoka nje, nikatazama mto. Maji yalikuwa yameanza kutoka, tope linaonekana chini ya mikoko.

Mpishi alikuwa amekwisha kusogeza mtumbwi wake. Hakunitazama. Hakulitazama boti pia, ingawa lilikuwa hatua ishirini kutoka alipo. Alikuwa anapanga nani akae wapi.

"Mtafika lini?" nilimuuliza.

"Kwa maji haya, jioni. Tukijaliwa."

"Na kwa boti?"

Akainama kuweka kafi mtumbwini. Kisha akasema, "Boti si langu, Mwalimu."

Mtihani ulikuwa umebakiza saa nzima. Boti likiondoka lisingeweza kurudi mpaka maji yajae tena. Karatasi zingelala Mbwera, jambo ambalo hata kulifikiria lilikuwa kosa. Nilisimama pale na sijui nilifikiri nini. Ningependa kuandika kwamba niliona haki ikang'aa mbele yangu. Haikung'aa. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano kuthibitishwa kuwa mwalimu mkuu, na nikasikia sauti yangu inamwambia nahodha ampakie.

Askari akasema, "Mwalimu, utaandika maelezo."

"Nitaandika."

Bi Mwanahawa akapanda na mgonjwa. Boti likawaka, likaondoka. Mpishi akabaki amesimama ndani ya maji, kafi mkononi.

Jioni ile, karatasi zikiwa zimefungwa darasani na askari amekaa mlangoni, Mpishi alikuja akakaa nami barazani pa shule. Sikumuuliza. Alianza mwenyewe.

"Alipogeuka kuchukua chai niliziona karata zake," alisema. "Zote tano. Alizishika chini, ziligeuka, nikaziona kama ninavyokuona."

Ilinichukua muda kuelewa anazungumza habari gani.

"Kwa hiyo ulijua umeshinda."

"Nilijua."

"Lakini Mzee, kwa kanuni yako mwenyewe ungelipa hata kama hukuona. Zaidi ya nusu ilikuwa katikati."

"Hilo nimelifikiri miaka minne." Alikuwa anakikuna kile kidole kilichopinda. "Huenda ningelipa. Huenda ningeogopa, maana ilikuwa mashine ya dada yangu, haikuwa mazoezi. Sijui. Nilipokwisha kuziona sikuweza tena kujua ningefanya nini nisingeziona. Na mkono wangu ulikuwa unakwenda kwa sababu nimeona. Nikaurudisha."

"Ungesema. Ungesema nimeziona, mkono huu ufutwe."

"Ningesema, wangesema Mpishi anachungulia, na mwingine angesema yule kijana kazionyesha makusudi. Nikanyamaza. Nilidhani nitamshinda baadaye."

Nilitaka kumwambia alifanya vyema, na nilitaka kumwambia ni mpumbavu, na yote mawili yalinifika mdomoni pamoja.

"Wamekufa wangapi njiani?" nilimuuliza badala yake.

"Watatu. Tumefikisha wengi, lakini watatu."

"Na leo? Ungeletewa mkono ule ule leo?"

Hakufikiri hata kidogo. "Leo ningelipa."

"Ungelipa ukijua?"

"Ningelipa nikijua, nikachukua mashine, nikaja nayo hapa. Halafu ningekaa na aibu yangu. Ningekuwa na mahali pa kuiweka."

Boti lilirudi alfajiri na maji. Bi Mwanahawa alishuka amechoka, nguo zimeroa. Mwanamke alikuwa amepasuliwa, alikuwa hai, na mtoto wa kiume alikuwa hai. Alituambia hayo sisi wawili pamoja, akitutazama kwa zamu, na nilipotambua kwamba amesema na kaka yake alikuwa amekwisha kupita.

Tulipokuwa tunapakia sanduku la karatasi Mpishi alinifuata majini mpaka kwenye ubavu wa boti.

"Wakikuuliza," alisema kwa sauti ndogo, askari asisikie, "waambie mimi ndiye niliyekulazimisha. Mzee wa hapa, mkorofi, alikaa mbele ya boti na panga. Waambie hivyo."

"Hukunilazimisha, Mzee. Hata hukuniomba."

"Najua. Waambie tu."

Nikafungua mdomo kumjibu. Nahodha akavuta kamba ya mashine, na maneno yakazama kwenye kelele.

Maelezo nilitakiwa kuyaandika ndani ya siku saba. Niliandika mara tatu. Ya kwanza yalikuwa na mzee na panga. Ya pili yalikuwa marefu, na kila kitu ndani yake, hata habari za karata, na niliyachana. Ya tatu yalikuwa mistari sita. Nilisema niliagiza boti liondoke, na kwamba niliagiza mwenyewe. Ualimu mkuu haukuja mwaka ule wala uliofuata. Bi Asha alinifikia siku moja Nyamwage, akaniambia mumewe ameuliza kama nilifanya alivyoniambia. Nikamjibu hapana.

"Nitamwambia umefanya," akasema Bi Asha. "Atalala vizuri."

Sikumzuia.